Tumelea miaka mitano, faili ikasema sifuri

Mhariri salaam,

Mimi nauza dagaa sokoni huku mpakani mashariki mwa Uganda, na kila siku nasikia watu wakibishana eti kuasili mtoto, yaani kumchukua awe wako kisheria, ni kazi ya wazungu na matajiri. Si kweli bwana. Sheria yenyewe inasema mtoto kupelekwa nje na mgeni iwe njia ya mwisho kabisa, wa kwanza ni sisi Waganda.

Shida iko pengine. Sisi tulichukua kasichana ka miezi saba, mama yake alifariki na ndugu hakuna aliyejitokeza. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akaandika barua, akagonga muhuri, tukampeleka mtoto nyumbani tukajua mambo yameisha. Miaka mitano! Malaria zake tumekesha nazo, karo tumelipa, halafu tunaenda kuuliza habari za korti tunaambiwa faili ya probesheni, ile ofisi ya serikali ya ustawi wa jamii, iko wapi. Ofisa akafungua lile daftari kubwa, akashusha kidole mstari kwa mstari mpaka chini, jina la mtoto halimo. Kumbe lazima uwe umemlea angalau miezi 12 chini ya usimamizi wao, na hesabu inaanza siku wanakuandika, si siku ulimbeba mgongoni. Zamani ilikuwa miezi 36, wakapunguza 2016, kwa hiyo nashukuru nusunusu. Hata kuandikwa kwenyewe tulizungushwa wiki na wiki, ukifika ofisa yuko fildi.

Masharti mengine hayatishi. Uwe na miaka 25 na umzidi mtoto miaka 21, kama mnaomba wawili basi angalau mmoja wenu awe amefika hapo. Ukiomba peke yako na una mume, mume akubali (wangu dereva wa lori, siku ya sahihi alikuwa Juba, tukangoja). Wazazi wakiwa hai na wanajulikana wakubali, na mtoto wa miaka 14 naye akubali mwenyewe. Mtoto Mganda na wewe Mganda unaenda kwa hakimu mkuu wa eneo lako, Hai Koti, yaani mahakama kuu, ni ya wageni.

Linaloniudhi ni moja. Jirani yangu hajaolewa, analea mvulana tangu akiwa mchanga, ameambiwa mtu peke yake haruhusiwi kuasili mtoto wa jinsia nyingine mpaka korti ione kuna sababu maalum. Sasa sababu gani inazidi ile ya kwamba mtoto hana mama mwingine anayemjua?

Na msiseme karatasi ya nini, mtoto si anakula? Siku ya matanga ndo mtajua. Mtoto mwenye oda ya korti ni sawa na uliyemzaa, asiye nayo ndugu wa mume wanaweza kumwambia kwenu ni wapi.

Wenyeviti wa LC nawaomba, mkiandika barua ya mtoto mwambieni mtu aende probesheni siku hiyohiyo, msimwachie aje kugundua kama sisi.

Tumebakisha miezi minne. Ofisa alikuja juzi kukagua nyumba, akamwuliza mtoto unalala wapi, yeye akamvuta mkono mpaka kitandani akamwonyesha na chandarua chake kilichotoboka, mimi nikatamani ardhi inimeze.

Muuza dagaa,
Mashariki mwa Uganda