Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu: njoo upime na jiko

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa barua mbili nilizozileta ofisini kwako kwa mkono wangu ziligongwa mhuri wa kupokelewa, na hadi leo mhuri huo ndio jibu pekee nililopata.

Mimi ni mpishi wa shule, mwaka wa 11 sasa, na sijawahi kushika sigara isipokuwa zile alizokuwa akinituma dukani marehemu babu. Hata hivyo, tangu upimaji wa afya wa wapishi mwezi uliopita, cheti changu kinasomeka "mvutaji". Niliambiwa nivute pumzi, niizuie kwa sekunde 15, kisha nipulize taratibu. Kimashine kikaonyesha 17, na aliyekishika akaandika bila kuniuliza natoka wapi. Nilikuwa natoka jikoni, Daktari, saa saba mchana, nikinuka moshi kuanzia kilemba hadi kandambili.

Unajua kuliko mimi kwamba kinachopimwa pale ni kaboni monoksidi, na kwamba hewa hiyo hutoka kwenye kuni na mkaa kama inavyotoka kwenye tumbaku. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na nusu yake huchukua kama saa tano kuondoka mwilini, kwa hiyo aliyekoroga uji tangu alfajiri hawezi kupuliza sawa na ambaye hajawasha moto. Haya nimeyasoma baada ya kuitwa mvutaji. Aliyenipima alipaswa kuyasoma kabla.

Jumanne iliyopita mvua ilipiga upande wa madirisha, tukayafunga. Mwenzangu alilalamika kichwa, akatapika, akaanguka kando ya sufuria ya maharage. Tuliambiwa kwamba ni njaa. Njaa, kwa mpishi! Mimi nadhani ni moshi, na huenda bomba la kuutoa limeziba, maana tangu paa litengenezwe moshi haupandi, unaturudia sisi.

Nikukumbushe kwa heshima kwamba Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Sisi tunapikia watoto zaidi ya 600. Wewe mwenyewe, ukiwa umesimama mlangoni mwa jiko hilohilo na leso puani, ulituahidi gesi "kabla ya likizo". Hukutaja likizo ya mwaka gani, na kosa ni letu kwa kutokuuliza.

Sasa naelezwa kwamba mkataba wangu hautahuishwa, kwa sababu mvutaji hafai kuwa karibu na watoto. Hoja ni njema. Ila watoto haohao hupanga foleni ya uji ndani ya moshi ulionipa hiyo 17.

Siombi fidia, na hata gesi nitaendelea kuingoja. Ninaomba uje na kimashine chako Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nimetoka kwenye Jumapili ya jiko la gesi la nyumbani kwa binti yangu, nipulize kabla sijawasha moto. Kisha ukae jikoni nasi, benchi lipo, hadi saa saba nipulize tena. Halafu, Daktari, upulize na wewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpishi