Mama, tulikwenda kisiwani

Glasgow, 29 Julai 2024

Kwa mama yangu mpenzi,
Kilindoni, Mafia.

Shikamoo mama. Sisi huku wazima, Baba Salma mzima na watoto wazima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali nasi. Mwanahawa akikusomea barua hii mwambie asiende mbio, kuna mambo nataka uyasikie vizuri.

Wa baadu. Mwaka huu shule zilipofungwa sikutaka watoto wakae tena ndani ya fleti wiki sita wakitazama simu. Nikamwambia Baba Salma, mimi nimezaliwa kisiwani, na hawa wanangu hawajui hata maji yakipwa bahari inakuwaje. Basi tukaenda kisiwa kinachoitwa Eigg, pwani ya magharibi ya Uskoti. Treni kutoka Glasgow mpaka bandari ya Mallaig ni mwendo wa saa tano na zaidi, halafu unapanda meli. Gari la mgeni haliingii kisiwani, kila mtu anashuka na mzigo wake. Nilibeba mchele, unga, nazi za kopo na nyama ya halali niliyoigandisha, maana duka ni moja tu, pale pale bandarini. Kisiwa kina urefu wa kilomita 9 na upana wa 5, na watu wake wamepita 100 kidogo tu.

Tulipokuwa melini Salma aliona pezi kubwa jeusi linakwenda polepole juu ya maji. Yule ni papa wa bahari zao za baridi, anaogelea mdomo wazi akichuja vijidudu vya majini, hang'ati mtu. Kwa ukubwa, kati ya samaki wote wa duniani, anamfuata papa potwe wenu. Nikawaambia wanangu, huyo mkubwa zaidi yuko kwa bibi yenu, anapita mbele ya Kilindoni kila mwaka. Idrisa hakuniamini. Tangu siku ile ananiuliza anakuja mwezi gani.

Siku ya pili mzee jirani alituazima mishipi. Huku hawatii chambo, ndoano zimefungwa vijimanyoya vinavyometameta, ukizitikisa majini samaki anadhani ni dagaa. Mama, nilipoushika ule mshipi mkono ulijua wenyewe. Nilimwonyesha Salma kama marehemu baba alivyonionyesha mimi: uzi upite juu ya kidole cha shahada, usivute kwa mguso wa kwanza, ngoja wa pili. Akapata. Walikuwa jamii ya vibua, wanene kuliko wetu, migongo ina mistari kama imechorwa kwa wino. Saba tukarudi nao. Niliwapaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili, nikawachoma, nikawamalizia kwa tui la kopo. Mzee yule alikuja na viazi vya shambani kwake, akala mpaka akafuta sahani. Nililia kidogo pale jikoni, nikasingizia kitunguu.

Jua huku Julai halitaki kulala. Magharibi tuliisali saa nne na robo usiku, na bado ungeweza kusoma Kurani nje bila taa. Watoto walishinda ufukweni peke yao, sikuwafuata, na mlango wa nyumba tuliyopanga hatukuwahi kuufunga kwa ufunguo. Mjini siwezi kumtuma Idrisa dukani peke yake, kisiwani alikuwa anakwenda na kurudi na mkate, njiani anasalimia kila mtu. Adha moja tu, usubi. Jioni upepo ukitulia wanakuja kama moshi, wanaingia masikioni na kwenye nywele. Uso wa Idrisa ulivimba siku mbili. Tulijifunza kuomba upepo.

Kuna ufuko wenye mchanga mweupe ambao ukikauka unalia unapoukanyaga, kama mlango usiotiwa mafuta. Idrisa aliuburuza miguu mpaka soksi zikatoboka. Na kuna jabali kubwa limesimama juu ya kisiwa kizima, An Sgùrr, mita 393. Sisi watu wa Mafia hatujui milima, mapaja yaliniuma siku tatu. Lakini ukifika juu unaona visiwa vya jirani vimekaa baharini, Rum na Muck, na nchi kavu ng'ambo.

Sasa mama, hili ndilo ninalotaka Mwanahawa asome taratibu.

Chini ya jabali lile kuna mahali panaitwa Grulin. Tulikuta kuta za nyumba za mawe, hazina mapaa, kondoo wamelala ndani. Mwaka 1853 palikuwa na familia 14 pale. Mwenye ardhi alitaka kumkodisha mfuga kondoo, kwa hiyo wakaondolewa, wengi wakaishia Kanada. Salma alihesabu nyumba akaniuliza, kwani hawakuwa na karatasi? Nikamwambia hawakuwa nayo. Babu zao walizikwa pale, wamelima pale, lakini ardhi ilikuwa ya mtu mwingine.

Na iliendelea hivyo zaidi ya miaka 100. Kisiwa kizima kiliuzwa na kununuliwa na matajiri, wakazi wamo ndani yake kama miti. Mtu alikuwa anaogopa hata kukarabati paa, maana hajui kesho ataambiwa nini. Mpaka mwaka 1997 wakachanga wenyewe, wakaomba michango kila pembe, fungu kubwa likatoka kwa mwanamke mmoja asiyetaka jina lake lijulikane, wakakinunua kwa pauni milioni moja na nusu. Wakati ule walikuwa watu 65 hivi. Vijana wamerudi, wamejenga. Mwaka 2008 wakajitengenezea umeme wao wa maji, upepo na jua. Kila nyumba ina kiwango chake, kilowati 5 kwa wakati mmoja, ukizidisha unakatika. Salma ndiye aliyekuwa msimamizi wetu: birika likiwaka, hakuna kugusa jiko la oveni.

Niliyasikia hayo mezani kwa yule mzee wa viazi, na muda wote nilikuwa naliwaza shamba letu la minazi la pwani. Kaka Hamisi aliniambia kwenye simu kuwa kuna mtu amekuja mara mbili, ana fedha taslimu, anataka ufukwe wote. Sisemi kaka ana nia mbaya. Najua paa la nyumba linavuja, na najua ada za watoto wake. Fedha za mabati nitazituma mimi mwezi wa Agosti, Baba Salma amekubali. Lakini shamba lile, mama, hatujapata hata kulipima. Mipaka yake tunaijua kwa mnazi uliopinda na mbuyu wa kwa Mzee Bakari. Mnunuzi atakuja na karatasi yenye mihuri, sisi tutabaki na mnazi uliopinda.

Nakuomba kwa heshima yote, usiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote kabla sijafika. Mwambie kaka aende kwenye serikali ya kijiji aulize kwanza habari ya kupima na kupata hati kwa jina la familia, gharama tutagawana.

Tunakuja Desemba inshallah, wote wanne. Papa potwe watakuwepo. Idrisa anauliza kama mshipi wa babu yake bado unaning'inia nyuma ya mlango wa stoo. Kama upo, tafadhali usiwape watoto wa jirani.

Nisalimie shangazi, Mwanahawa na wote wa nyumbani.

Mwanao,
Zuhura