Faru wa Garamba

Bwana Mhariri,

Mmeandika vizuri juu ya Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili tu waliobaki duniani, wote majike, wanaolindwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Lakini Hifadhi ya Taifa ya Garamba hamkuitaja! Kundi la mwisho la porini lilikuwa huku kwetu Kongo, majangili wakalimaliza.

Utafiti wa kuwaokoa faru hao wasitoweke nauvulia kofia. Mayai ya Fatu hurutubishwa maabarani kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, kisha kiinitete (mimba changa kabisa) hupandikizwa kwa faru jike mweupe wa kusini, jamaa yao wa karibu. Januari 2024 ilitangazwa mimba ya kwanza ya njia hiyo, ya siku 70, ingawa kiinitete kilikuwa cha faru wa kusini na mama alikufa kwa bakteria.

Ndama akizaliwa, Garamba atarudishwa lini?

Msomaji wenu, Bukavu