Listi ya wachangiaji sio ya kurusha kwenye grupu

Mhariri, habari za kazi.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Siku hizi kila msanii anachangisha, anayetoa albamu anachangisha, anayemalizia filamu fupi anachangisha, mchora katuni anayetaka kuchapa kitabu nae anachangisha, na mimi wala sipingi maana benki gani itamkopesha mtu ambaye dhamana yake ni kamera na laptop. Ninachopinga ni ule utaratibu wa admini kurusha kwenye grupu la WhatsApp kila jioni skrinishoti za miamala, au ile listi ndefu, jina, namba ya simu, katoa ngapi, kaahidi ngapi, bado ngapi. Grupu lenyewe lina watu mia mbili na nusu yao wameingia kwa linki, hamna anayejua ni kina nani.

Jamaa mmoja tunayefanya nae kazi za video alikuwa anachangisha hela ya kumalizia filamu yake. Listi ikatoka nje ya grupu, haijulikani nani kaitoa na hata angejulikana isingesaidia. Baada ya hapo waliokuwa hawajamalizia ahadi wakaanza kupata meseji, anaitwa kwa jina lake, anakumbushwa ahadi yake ya elfu hamsini ya filamu, kwamba kashatoa ishirini bado thelathini, na kwamba ile laini ya mwanzo imejaa kwahiyo atumie kwenye namba hii. Sasa "ile hela tuma kwenye namba hii" Tanzania nzima tunaijua na tunaicheka, ila hatuicheki ikija na jina lako, kiasi chako na deni lako lote kamili bila kukosea hata mia. Watu walituma. Na lawama hazikwenda kwa tapeli, maana tapeli haonekani, zilikwenda kwa jamaa, wengine mpaka leo wanaamini ni yeye mwenyewe alicheza mchezo.

Hili sio la kwetu tu. Kickstarter ya Marekani, ambayo ndo jina kubwa kwenye mambo haya, iliingiliwa mwaka 2014, na wenyewe hata hawakugundua, waliambiwa na vyombo vya sheria Februari 12 wakaja kutangaza tarehe 15. Walisema data za kadi za benki hazikuguswa. Kilichochukuliwa ni majina, imeili, anwani, namba za simu na paswedi zilizofichwa kwa hesabu za kompyuta. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Patreon, ile ambayo mashabiki wanamlipa msanii kila mwezi, hawa waliacha toleo la majaribio la tovuti yao likiwa wazi kwenye intaneti, likawa na data za kweli ndani, zikavuja karibu gigabaiti 15, imeili zaidi ya milioni mbili zikamwagwa hadharani. Ukiangalia zote mbili, kilichoondoka ni listi ya watu wanaojulikana kuwa wanatoa hela na wanaomwamini mtu fulani, na tapeli mwenye hiyo listi hahitaji kuvunja kitu kingine, anakuja kwa jina la huyo mtu.

Wale waliibiwa kwa kudukuliwa, sisi tunaibandika wenyewe kila jioni.

Najua nitajibiwa kwamba bila listi watu hawaamini, mchangiaji anataka aone jina lake. Ni kweli, na msanii asiyetoa hesabu namuogopa zaidi kuliko tapeli. Lakini hesabu inaweza kutolewa bila namba ya simu hata moja: weka jina la kwanza na tarakimu tatu za mwisho za namba ya muamala, mwenyewe atajijua, chini weka jumla ya siku na jumla kuu, basi. Ahadi za watu zikae kwa mweka hazina, mwenye deni afuatwe inboksi. Na tangu siku ya kwanza tangazo liseme hela inaingia wapi na jina gani litatokea kwenye simu kabla mtu hajaweka namba ya siri, na kwamba namba hiyo haitabadilika mpaka mwisho, likitokea jina lingine mtu asitishe. Lipa Namba yenye jina la kazi yako ni bora kuliko laini yako binafsi ambayo mtaa mzima wanayo.

Halafu hiyo simu ya admini. Akipigiwa na mtu anayejifanya wa kampuni ya simu anaomba zile tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp zilizoingia kwenye meseji, akizitaja tu WhatsApp imeondoka na grupu lote limeondoka nayo, wakati kuna PIN ya ziada ndani ya WhatsApp kwenyewe, kwenye mipangilio upande wa akaunti, kuiweka hakuchukui dakika mbili. Bonyeza pia *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na meseji za matapeli zitumwe 15040, watu wengi wanazifuta tu.

Wanaochangisha kwenye tovuti za nje kama GoFundMe na hiyo Kickstarter wana lao. Huko huwezi kufungua kampeni ukapokelea kwenye benki ya hapa, kwahiyo inafunguliwa na ndugu aliyeko Uingereza au Marekani, na paswedi inasafirishwa kwa WhatsApp, binamu anayo, mpiga gitaa anayo, meneja wa zamani aliyeondoka kwa ugomvi nae anayo. Mbona zote mbili zina sehemu ya kumuongeza msaidizi anayeingia kwa akaunti yake mwenyewe? Na imeili ya huyo ndugu iwe na uhakiki wa pili, yaani namba ya ziada inayoombwa baada ya paswedi, ikiwezekana itoke kwenye programu ya simu sio kwa meseji, maana anayeshika imeili anabadilisha paswedi ya kampeni bila kumuuliza mtu.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wenzetu Kenya wanayo yao tangu 2019. Sijasikia kamati ya kuchangisha hata moja ikiitaja kwenye kikao, wanaoitaja ni benki tu.

Na nyinyi watu wa magazeti, niwaombe. Mkiandika habari ya msanii aliyefikisha lengo la michango, msipige picha simu yake ikiwa imefunguka kwenye meseji za miamala. Nishaona picha za hivyo, ukikuza kidogo majina na namba zinasomeka zote.

Mpiga picha za video,
Temeke, Dar es Salaam