Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Machame, Kilimanjaro

Ndugu, jamaa na marafiki, mlioko Dar, Dodoma, Mwanza na ughaibuni, Bwana Yesu asifiwe. Mungu ametuvusha tena mpaka Desemba, sifa na utukufu ni vyake.

Huku nyumbani vuli imenyesha kwa kusuasua. Migomba imesimama, ila mikungu ni midogo. Mibuni nimebakiza ile ya nyuma ya nyumba tu, kwingine nimepanda parachichi kama majirani. Mfereji wetu wa kutoka mto Kikafu umejaa majani, maana zamu za kuzibua zimebaki kwa sisi wazee, na mimi siku hizi kupanda kilima napanda, magoti yanagoma wakati wa kuteremka. Kilele cha Kibo bado kinafunguka alfajiri, lakini barafu tuliyoikuta utotoni imebaki vipande. Weupe wake naona umehamia kichwani kwangu.

Maisha yamepanda, hilo sina haja ya kuwaambia. Kilo ya nyama imevuka shilingi 10,000, na ulezi tuliozoea kununua kwa debe sasa tunaupima kwa sado. Nauli za Desemba mnazijua wenyewe.

Hii ni Krismasi ya kwanza bila mama wa nyumba hii. Sikupanga kuliandika hili. Juzi nilijaribu kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mwenyewe: ndizi nikachemsha, zikapoa vizuri, nilipofika kwenye msesewe, magome ya kutia uchungu, nikakwama. Kipimo chake kilikuwa kiganjani mwake, hakukiandika popote. Magome aliyoyaacha bado yamefungwa kwenye kipande cha khanga, darini jikoni. Sijayagusa. Jirani atatupikia.

Wanangu, nivumilieni niseme. Waheshimu baba na mama yako, ndiyo amri ya kwanza yenye ahadi. Usilete ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, wa kupigia picha kwenye nyumba ya wazazi ambayo paa linavuja tangu masika. Kihamba, shamba la ukoo, hakiuzwi, umekikuta, utakiacha, na waliolala humo migombani wanakutazama. Mwenye kinyongo na nduguye ashike sale, jani letu la kuombea msamaha, aende wakapatane kabla ya mkesha, asisubiri kukutana naye msibani. Na ninyi wenye wazazi hai, pigeni simu hata siku ambayo hamna cha kutuma. Mzee hali M-Pesa peke yake.

Nawatakia nyote heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye afya, amani na baraka tele. Waliofiwa Bwana awafariji, wagonjwa awaponye, walioko safarini awafikishe salama. Madereva, tafadhali, mwendo.

Tarehe 25 tukitoka ibadani usharikani, chakula ni hapa nyumbani kama kawaida. Tarehe 27 asubuhi tunazibua mfereji, wenye digrii na wasio nazo. Majembe na makoleo yapo. Buti kila mtu aje na zake.