Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KEBS kuhusu zana za mkono zinazouzwa kwa ofa za sikukuu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS),
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINTARAFU: UGUMU WA CHUMA CHA ZANA ZA MKONO ZINAZOUZWA MWISHO WA MWAKA

Mimi ni fundi seremala hapa Mombasa. Karakana yangu ni ndogo, ina meza tatu za kazi, na kila Januari huchukua vijana wawili au watatu waliomaliza shule nikawafunza useremala. Kwa sababu hiyo mimi ni mteja wa kutegemewa wa mauzo ya mwisho wa mwaka. Novemba ikiingia tu, simu hujaa matangazo ya Ijumaa Nyeusi (jina ambalo sisi tunaoswali Ijumaa bado halijatukaa mdomoni, na wenzetu wa Ghuba waliligeuza wakaiita Ijumaa Nyeupe), kisha hufuata ofa za Krismasi, kisha za kufungua mwaka, na ni katika wiki hizo ambapo hununua patasi, randa, nyundo na misumeno ya vijana wanaokuja. Nakuandikia kuhusu nilichonunua Desemba iliyopita, na kuhusu jambo moja ambalo naamini limo ndani ya uwezo wa afisi yako.

Nilinunua seti tatu za patasi, kila seti patasi nne, zenye mipini ya manjano na mfuko wa kuzibebea. Bei ya zamani ya kila seti, iliyopigwa mstari mwekundu, ilikuwa shilingi 3,999, na ya ofa shilingi 1,899. Zilikuwa zimeng'arishwa hata mtu angeweza kunyolea ndevu akijitazama ndani yake, na kwenye kila bapa palichorwa herufi CR-V, maana yake chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu. Niliridhika, nikalipa, nikazitia kabatini hadi vijana walipofika.

Kazi ya kwanza ninayompa mwanafunzi ni kuchimba tundu la kuingiza ulimi wa fremu, kwenye kipande cha mwembe, mti ambao kila fundi anajua kwamba si mgumu sana. Kijana mmoja, mwenye hamu kuliko wenzake, alianza saa mbili asubuhi, na kabla ya adhuhuri makali ya patasi yake yalikuwa yamejikunja kama ukingo wa sufuria iliyoanguka. Nikamwonyesha kunoa. Akanoa vizuri, akarudi kwenye tundu lake, na makali yakajikunja tena. Siku ya tatu, tundu likiwa limechanika pande zote mbili, aliiweka patasi mezani akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, nadhani mkono wangu haukuumbiwa kazi hii."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. Shilingi 1,899 zitarudi, lakini kijana wa miaka 19 ambaye chombo kimemfundisha kwamba kosa ni lake hana njia ya kujua kwamba amedanganywa, kwa kuwa hajawahi kushika chombo kizuri akapata cha kulinganisha. Fundi mzoefu akipewa patasi mbovu huitupa akatukana. Mwanafunzi huiamini akajitupa yeye mwenyewe.

Nilimpa patasi yangu, niliyoinunua mwaka 1987 katika duka ambalo sasa linauza simu, patasi iliyofuliwa Sheffield ambayo nusu ya urefu wake imekwisha kwa kunolewa. Kijana yule yule, kipande kile kile cha mwembe. Alichimba hadi alasiri bila kurudi kwenye jiwe la kunolea, na alipomaliza, ulimi uliingia ukabana. Hakusema kitu, ila aliibakisha patasi ile mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni hiyo nilichukua tupa ninayonolea meno ya msumeno, nikafanya jaribio ambalo wazee wetu walilifanya kabla ya maabara yoyote kujengwa nchini. Kwenye patasi ya zamani tupa iliteleza ikilia, kama kwamba nasugua gilasi. Kwenye ile mpya iliuma mara moja, ikaacha mfuo na unga wa chuma kwenye kidole changu. Mheshimiwa, tupa ikiuma makali ya patasi kiasi hicho, kile si chombo cha kukatia mbao, ni kifunguo cha mikebe ya rangi.

Wewe na wataalamu wako mnalijua hili kuliko mimi, lakini wengi watakaosoma barua hii hawalijui, kwa hiyo niruhusu nilieleze. Patasi njema huwa na ugumu wa kati ya 58 na 62 kwa kipimo cha Rockwell. Ugumu huo hauji na chuma chenyewe, huja kwa kupikwa: chuma huchomwa hadi kiive, kikatumbukizwa kwenye mafuta au maji kikawa kigumu na chepesi kuvunjika, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kipate ustahimilivu bila kupoteza makali. Hatua hizo zinataka moto unaopimwa, muda, na mtu aliye macho, na ndizo za kwanza kuachwa pale mnunuzi mkubwa anapomwambia mwenye kiwanda kwamba bei lazima ishuke kabla ya Novemba. Kung'arisha hakuachwi, kwa sababu mng'aro unaonekana pichani. Nazo herufi CR-V, hata zikiwa za kweli, hueleza mchanganyiko wa chuma tu, hazielezi kama chuma hicho kilipikwa. Mchele wa pishori usiopikwa bado ni pishori, lakini hauliki.

Zana nyingine nitazitaja kwa ufupi. Nyundo moja ilitoka kichwa siku ya nne ikapita karibu na sikio la mtu. Bisibisi zilijipinda ncha kwenye skrubu za shaba. Pima maji ilionyesha meza yangu iko sawa, nilipoigeuza kichwa kwa mkia pale pale ikaonyesha meza imeinama, na chombo cha kupimia kinachopingana na nafsi yake sijui kinafaa kuuzwa kwa jina gani. Misumeno siwezi kuilaumu kwa namna hiyo hiyo, maana ile ya kisasa yenye meno yaliyochomwa yakawa meusi hukata vizuri sana mwanzoni, na meno yake hudumu. Tatizo lake ni kwamba tupa haiyaingii, kwa hiyo yakiisha makali msumeno mzima hutupwa, na mzee aliyekuwa akinoa misumeno mtaani kwetu sasa anauza maji ya madafu. Hilo ni badiliko la nyakati, silipeleki kwako.

Ile bei ya 3,999 nayo ina kisa chake. Mwezi Septemba mwaka huo huo niliiona seti hiyo hiyo kwenye rafu ya duka hilo hilo ikiuzwa shilingi 1,950, bila mstari mwekundu na bila shangwe. Ofa niliyoikimbilia ilikuwa ya shilingi 51. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai kuna nafuu ya bei ambayo haipo. Najua hilo si jukumu la afisi yako, na nakala ya barua hii naipeleka kwa Mamlaka ya Ushindani. Nimelitaja kwa sababu mambo haya mawili hutembea pamoja: bei ya uongo hufanya chuma kibovu kionekane chuma kizuri kilichoshushwa bei, na mnunuzi akadhani amebahatika.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi mwenye umri huu nilipaswa kuukumbuka usemi huo nilipoona tangazo la nane kwa siku moja. Sehemu ya lawama naibeba. Naelewa pia hoja ya wanaosema kwamba Mkenya wa kipato cha chini anahitaji zana za bei nafuu, na kwamba tukikaza masharti tutamfungia mlango kijana anayeanza. Hoja hiyo ningeikubali kama kitu cha bei nafuu kingekuwa lazima kiwe kibovu. Lakini kuna wafua chuma wa jua kali wanaochukua springi kuukuu ya lori, wakaipasha moto, wakaifua na kuinywesha mafuta, wakatoa patasi nyeusi isiyo na mng'aro wala mfuko, inayokaa na makali wiki nzima. Ninayo moja kama hiyo, na bei yake haikunitoa jasho. Tena mfua chuma huyo akikosea, najua anakoketi.

Ninachoomba si marufuku. Najua kwamba tangu mwaka 2005 bidhaa nyingi hukaguliwa zikiwa bado nchi zinakotoka, na kwamba stika ya ISM, yaani alama ya ubora inayobandikwa kwenye bidhaa zinazoingizwa nchini, ina namba ambayo mwananchi anaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 akahakikisha uhalali wake. Utaratibu huo ni mzuri. Hata hivyo ukaguzi wa mzigo hutegemea sampuli, ilhali mimi nanunua patasi moja moja, katika majuma machache ya mwaka ambapo mizigo ni mingi kuliko wakati wowote na wanunuzi wana haraka kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo naomba kwamba kuanzia Novemba ijayo maafisa wako wanunue zana za mkono kama wanunuzi wa kawaida, bila sare na bila barua, katika maduka ya mitaani na katika mauzo ya mtandaoni, wakizitoa kwenye rafu na vifurushi vile vile vya ofa. Kisha wapime ugumu wake. Kipimo cha Rockwell hubonyeza ncha ya almasi kwenye chuma kwa uzito maalumu na kusoma kina cha alama iliyobaki, kazi ambayo haimalizi hata dakika moja kwa kila patasi. Matokeo yatangazwe kabla ya Krismasi, kwa jina la bidhaa na namba ya toleo, kwa Kiswahili, ili mama anayemnunulia mwanawe seti ya kwanza aweze kuyasoma. Na baadaye, mtakapopata nafasi ya kupitia viwango, naomba mfikirie kumlazimisha muuzaji achore kiwango cha ugumu kwenye bapa la patasi, pale pale anapochora CR-V, maana mwongo hupata kazi zaidi akilazimika kuandika namba.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kijana wangu hakupata hata moja kati ya hizo mbili. Bado yuko nami. Anatengeneza milango sasa, kwa patasi ya springi, na ile ya mwaka 1987 huniazima siku za kazi ya mbambakofi.

Zile patasi kumi na mbili sikuzitupa. Nimezifunga kwa kamba pamoja na risiti na picha ya tangazo, moja wapo ikiwa na mfuo wa tupa unaoonekana kwa macho, na nitazileta katika afisi yenu ya Mombasa siku yoyote nitakayoambiwa.

Wako mtiifu,

Fundi seremala,
Mombasa.

Nakala: Mamlaka ya Ushindani, Nairobi.