Anayenunua mbegu akapanda naye ni mlaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie neno moja tu lililomo katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nalo ni neno "mlaji". Huku Nyanda za Juu Kusini tumelizoea kwenye matangazo ya redio yanayotuhimiza kudai risiti na kukagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na wengi tumeamini kwamba linatuhusu sote. Mimi niliamini hivyo mpaka msimu uliopita, mbegu ya mahindi iliponilazimisha kuitafuta sheria yenyewe na kuisoma.

Nilinunua mifuko 12 ya kilo mbili mbili ya mbegu chotara katika duka moja la pembejeo mjini Mbeya, kwa ajili ya ekari tatu ninazolima upande wa Inyala. Nilipanda mwishoni mwa Novemba, mvua ikiwa imeshakolea, na mbolea ya kupandia nikaweka kama tunavyofundishwa. Siku ya kumi na mbili nilikagua mashimo mia moja, nikakuta yaliyochipua ni 31. Jirani yangu, ambaye tunatenganishwa na njia ya ng'ombe tu, alipanda siku ileile mbegu ya aina nyingine, na shamba lake lilikuwa limeshajaa mistari ya kijani mwanzo hadi mwisho. Nilifukua mashimo yaliyokuwa matupu. Ile rangi ya waridi ya dawa ilikuwa imeoshwa na maji, na chini yake nikakuta punje kubwa kwa ndogo zimechanganyika, mfano wa mahindi yaliyotolewa ghalani kwa ajili ya kusaga. Nilirudi nyumbani nikachukua mfuko mmoja niliokuwa sijautupa, nikaipitishia lebo yake kidole chenye maji, na wino ukachuruzika.

Mwenye duka sitamtaja, wala sidai kwamba alijua. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia kwamba naye aliletewa mzigo na mtu wa gari, na kwamba huenda mvua ilizidi. Afisa ugani wa kata alifika shambani, akapiga picha, akaandika taarifa ya ukurasa mmoja, akanishauri nirudishie mapema kabla msimu haujaniacha. Nikarudishia kwa mbegu ya kununua upya na vibarua wa kulipa upya. Kisha nikaanza safari za ofisi. Ya kwanza ilinieleza kwamba kazi yake ni kukamata mbegu bandia zikiwa bado sokoni, na kwamba za kwangu zilikuwa zimeshaoza ardhini. Ya pili ilinipokea vizuri, ikanipa fomu, na nilipofika kwenye maelezo ya matumizi ya bidhaa nikaandika kwa moyo mweupe kwamba mahindi nalima kwa kuuza. Kijana aliyekuwa mezani alisoma, akatabasamu kwa huruma, akasema: "Mzee, hapa kidogo kuna tatizo. Kisheria wewe si mlaji."

Niliitumikia mahakama kwa miaka mingi nikiwa karani, hivyo sikubishana naye. Nilikwenda kuitafuta tafsiri. Sheria Namba 8 ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani na kuchukua nafasi ya sheria ya mwaka 1994, ilimtaja mlaji kuwa ni pamoja na mtu anayenunua bidhaa au huduma bila kusudi la kuiuza tena, kisha ikamwondoa mtu anayenunua bidhaa ili aitumie katika uzalishaji na utengenezaji wa bidhaa za kuuza. Tafsiri hii ya Kiswahili ni yangu mwenyewe, kwa kuwa sheria ilitungwa kwa Kiingereza. Bunge lilikwishakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021, lakini mkulima wa Mbozi au wa Makete anayeisoma sheria hii kwa Kiingereza ilichotungwa nacho ili ajue kama yeye ni mlaji atahitaji mtoto aliyemaliza sekondari akae naye.

Nimekiangalia sana hicho kiunganishi "na" kilichopo kati ya uzalishaji na utengenezaji. Wakili mwenye bidii anaweza kusimama akasema kwamba mkulima anazalisha lakini hatengenezi, na kwamba sheria ililenga kiwanda kinachonunua malighafi, si mtu mwenye jembe. Huenda akasikilizwa. Lakini haki ya mamilioni ya watu haifai kuning'inia kwenye kiunganishi, tena kimsubiri mkulima mmoja mwenye fedha za kumlipa wakili na kuacha shamba akafuatilie rufaa katika Baraza la Ushindani lililoko Dar es Salaam.

Kwa haki, sheria hiyo haikumwacha mkulima mtupu kabisa. Katazo lake la mwenendo wa kupotosha katika biashara linamhusu kila mfanyabiashara bila kuuliza aliyedanganywa ni nani, na inampa mtu yeyote aliyepata hasara kutokana na kosa chini ya sheria hiyo nafasi ya kuiomba Tume amri ya fidia. Yaliyobaki kwa mlaji peke yake ni yale masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wake hata kama hayakuandikwa, kwamba bidhaa iwe na ubora unaofaa na itimize kazi iliyonunuliwa kuifanya, pamoja na wajibu wa mtengenezaji kwa mlaji ambaye hakununua kwake moja kwa moja. Na haya ndiyo mkulima anayoyahitaji zaidi. Kuthibitisha kwamba mtu alinipotosha kunanitaka nijue nani alipaka rangi zile punje na wapi alizipaka, jambo ambalo hata polisi lingewasumbua. Kuthibitisha kwamba mbegu haikuota kunanitaka nikuoneshe shamba tu.

Ajabu nyingine ni kwamba mwenye duka naye amenunua ili auze tena, kwa hiyo naye si mlaji. Mbegu hii imepita kwa mtu wa gari, ikapita dukani, ikafika kwangu, na katika safari yote hiyo hakuna hata mmoja ambaye sheria ya kumlinda mlaji inamtambua kwa jina hilo. Atakayetambuliwa ni yule atakayekuja kununua unga dukani, ambaye hasara yangu itamfikia kwa njia ya bei tu.

Nitaambiwa kwamba zipo sheria mahususi, na ni kweli zipo. Tunayo Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na taasisi yake ya kudhibiti ubora, TOSCI. Tunayo Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 na mamlaka yake, TFRA. Viuatilifu viko chini ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, kwa sheria ya mwaka 2020. Alama za bidhaa bandia zina sheria ya tangu 1963 ambayo Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sizibezi, kwa kuwa bila ukaguzi wao hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini zimejengwa juu ya leseni, ukaguzi na adhabu. Muuzaji akitiwa hatiani akatozwa faini, fedha hiyo inakwenda serikalini, na shamba langu linabaki na mashimo matupu 69 kati ya mia. Ipo pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa tuliyorithi tangu enzi za ukoloni, nayo inaniruhusu kumshitaki aliyeniuzia kwa kesi ya madai ya kawaida. Hiyo maana yake ni kumshitaki mwenye duka peke yake, mtu ambaye pengine naye aliuziwa kama mimi, huku aliyefungasha mifuko akiendelea na safari zake.

Suala hili lilikwishafika mbele ya majaji kwingine. Nchini India sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 1986 nayo ilimwondoa anayenunua kwa ajili ya biashara, ila ikaeleza kwamba mtu anayenunua kitu ili akitumie kujipatia riziki kwa kazi ya mikono yake mwenyewe hahesabiwi kuwa ni mfanyabiashara. Januari 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya shirika la mbegu la taifa dhidi ya wakulima wa Andhra Pradesh ambao mbegu zao ziliwaangusha. Shirika lilijenga hoja kwamba wakulima si walaji na kwamba waende wakatafute haki kwenye sheria ya mbegu. Mahakama ilikataa yote mawili, kwa maelezo kwamba sheria ya mbegu haikuwa na njia ya kumfidia mkulima. Shirika likauliza: mbona hawakuleta sampuli ipimwe maabara? Majaji wakajibu kwamba mkulima hategemewi kubakiza mbegu kwa ajili ya maabara, kwa kuwa ameipanda yote, na kwamba shirika lenyewe lilikuwa na uwezo wa kuomba mbegu za kundi lilelile zipimwe. Niliposoma jibu hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu swali la sampuli nililiulizwa hapa Mbeya neno kwa neno. Afrika Kusini walitumia njia nyingine, wakaweka kiwango: katika sheria yao ya mwaka 2008, hata kampuni inalindwa kama mlaji iwapo mali zake na mauzo yake ya mwaka hayafikii randi milioni mbili.

Ninachowaomba wabunge wa mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma ni kwamba Sheria ya Ushindani itakapopelekwa tena bungeni kwa marekebisho wasimame kwenye kifungu cha tafsiri kabla ya kifungu kingine chochote. Mjadala wa sheria hii kwa kawaida huvutwa na mambo makubwa, kama vile miungano ya kampuni na kiwango cha asilimia 35 ya soko ambacho sheria ya 2003 ilikiweka kuwa mstari wa kumtambua mwenye nguvu kubwa sokoni. Sote tuliusoma mvutano wa viwanda vya saruji, pale Tume iliporidhia muungano na Baraza likaja kuutengua Septemba 2022. Mambo hayo ni ya msingi, na bei ya saruji inatuhusu hata sisi. Ila yana mawakili wa kutosha. Tafsiri ya mlaji haina wakili, na kuirekebisha ni suala la sentensi moja inayosema kwamba mkulima mdogo, mfugaji mdogo na mvuvi mdogo anayenunua pembejeo au zana kwa ajili ya kazi yake mwenyewe ni mlaji.

Sentensi hiyo haitasaidia kitu ikiwa ushahidi utaachwa ulivyo. Risiti yangu imeandikwa kwa mkono "mbegu mahindi mif. 12" na kiasi cha fedha, basi. Haina namba ya kundi la mbegu, haina jina la aina, haina chochote cha kuiunganisha na mfuko. Muuzaji wa pembejeo alazimishwe kuandika namba ya kundi kwenye kila risiti, na msambazaji alazimishwe kutunza sampuli iliyofungwa kwa lakiri ya kila kundi analolileta mpaka msimu uishe. Gharama yake ni kabati na karatasi. Na ofisi ya kwanza inayopokea lalamiko la mkulima, iwe ya mbegu, ya viwango au ya ushindani, iwe na wajibu wa kulipeleka kwa maandishi kunakohusika badala ya kumwelekeza mwenye shamba apande basi tena.

Wenye maduka wana hofu yao, nami siidharau, kwa kuwa nina mjomba anayeuza pembejeo Mafinga na tumelibishania jambo hili mpaka chai ikapoa. Anasema kwamba ukimpa mkulima haki hiyo, kila aliyechelewa kupanda, kila aliyefukia punje kina kirefu na kila aliyepigwa na ukame atakuja dukani kudai. Nilimjibu kwamba ndiyo maana ya sampuli ya lakiri, inayomlinda yeye kuliko inavyonilinda mimi: ikipimwa ikaota, kesi imekwisha. Na mashamba hayakai peke yake. Jirani aliyepanda siku moja nami, kwenye udongo mmoja na chini ya mvua moja, ni shahidi ambaye afisa ugani anaweza kumfikia kwa miguu. Mjomba hakukubali yote, lakini alikiri kwamba tangu siku ile ameanza kuandika namba za makundi kwenye daftari lake.

Mfuko, lebo iliyochuruzika, risiti na taarifa ya afisa ugani ninavyo, nimevihifadhi juu ya kabati mahali pasipofikiwa na panya. Mbunge, mwanasheria au afisa wa Tume anayetaka kuviona kabla hatujaanza kupanda Novemba ataelekezwa nyumbani kwangu na ofisi ya kata.

Mkulima na karani mstaafu wa mahakama,
Inyala, Mbeya